Garnacha ya Gredos: Namna ya Kuichagua, Kuipoza na Kuinywa

Ukimimina Garnacha ya milima ya Gredos kwenye glasi, utaviona vidole vyako upande wa pili. Mtu aliyezoea mvinyo mzito wa Hispania, ule wa rangi nzito na harufu ya pipa, hudhani ameuziwa kitu kilichotiwa maji. Akiunywa hivyohivyo ulivyotoka kabatini mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, koo linamwaka, na hapo anahitimisha kwamba chupa ni mbovu. Chupa haina kosa. Mvinyo huu ni mwepesi kwa rangi na kwa mwili, lakini kilevi chake ni kikali, na adui yake mkubwa ni joto. Ukipozwa sawasawa na kupewa muda wa kufunguka, hutoa harufu za matunda mekundu, mitishamba mikavu na udongo kwa uwazi ambao mimi sijaukuta katika mvinyo mwingine mwekundu wa Hispania.

Hatua zifuatazo zinaanzia kwenye ramani, zinapita dukani, na zinaishia kwenye jokofu siku ya pili.

Hatua ya 1: Jua mvinyo unatoka wapi

Gredos ni safu ya milima ya mawe ya graniti katikati ya Hispania, magharibi ya Madrid. Kilele chake cha juu kabisa, Almanzor, kinakaribia mita 2,600. Mizabibu haipandwi huko juu. Iko kwenye miteremko ya chini, kati ya mita 600 na 1,200 hivi, kwenye mabonde ya mito ya Alberche na Tiétar. San Martín de Valdeiglesias, mmoja wa miji ya mvinyo ya eneo hili, uko kilomita 70 hivi tu kutoka Madrid.

Ukaribu huo na mji mkuu uliwapa wakulima soko, lakini ulizika jina la mashamba yao. Kwa miaka mingi zabibu zilipelekwa kwenye vyama vya ushirika, zikachanganywa, zikatoka mvinyo mkali wa bei nafuu uliouzwa kwa jumla na kuishia kwenye vilabu vya Madrid bila mnywaji kujua kijiji ulikotoka. Vijana walipohamia mjini, mashamba ya mteremkoni, ambako trekta haliwezi kupita, yalibaki mikononi mwa wazee. Kisha ikaja ruzuku ya Ulaya iliyowalipa wakulima wang'oe mizabibu, na mingi iliyokuwa na umri wa miongo mingi ikang'olewa.

Ile iliyosalia ndiyo chanzo cha mvinyo tunaouzungumzia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Telmo Rodríguez, mtengenezaji mvinyo mwenye jina kubwa nchini Hispania, alianza kufanya kazi na mashamba ya kale ya Cebreros na kuutoa mvinyo uitwao Pegaso. Mwaka 2008 ikaanzishwa kampuni ya mvinyo ya Comando G, inayojulikana kwa kazi ya Daniel Gómez Jiménez-Landi na Fernando García, na chupa zao zikawafanya wanywaji wa Ulaya na Marekani waanze kuuliza kuhusu vijiji ambavyo hata watu wa Madrid hawakuvijali. Wengine walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo kandokando yao: Bernabeleva, Marañones, 4 Monos. Walichokubaliana wote, kila mmoja kwa njia yake, ni kuacha kuilazimisha Garnacha iwe mvinyo mzito.

Zabibu yenyewe inahitaji kueleweka kidogo. Garnacha ina ganda jembamba, rangi haba na tanini chache. Tanini ni ile hali ya kukaza ulimi unayoihisi ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana. Hukusanya sukari nyingi, na sukari ndiyo hugeuka kilevi. Mti wake ni mgumu, husimama wima, huvumilia upepo na ukame. Ndiyo maana mizabibu mikongwe ya Gredos haina waya wala nguzo: kila shina limesimama peke yake, fupi na nene, matawi yametanuka pande zote, na katikati ya mistari mashamba mengine hulimwa kwa nyumbu hadi leo. Mchana jua ni kali, usiku baridi ya mlima inashuka, na baridi hiyo ndiyo huhifadhi uchachu ndani ya tunda hadi mavuno ya Septemba na Oktoba. Bila uchachu huo, kungebaki sukari na kilevi tu.

Kwa hiyo neno "Garnacha" peke yake halikutoshi. Garnacha za Campo de Borja na Calatayud, huko Aragón, kwa kawaida ni nyeusi zaidi, zimejaa zaidi, na utamu wa tunda lililoiva unatangulia. Za Priorat, mara nyingi zikiwa zimechanganywa na zabibu ya Cariñena, ni nzito zaidi ya hizo. Zote zina wapenzi wake. Ukitaka wepesi na udongo, panda mlima.

Hatua ya 2: Soma lebo, mbele na nyuma

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa sababu jina "Gredos" si jina rasmi la eneo la mvinyo. Mashamba ya milima hii yamegawanywa na mipaka ya mikoa mitatu, na kila upande una jina lake la kisheria. Upande wa mkoa wa Ávila, tafuta Cebreros. Upande wa Madrid, tafuta Vinos de Madrid, kisha hakikisha kwamba nyuma ya chupa kumetajwa San Martín de Valdeiglesias, Cadalso de los Vidrios, Cenicientos au Rozas de Puerto Real. Jina la Vinos de Madrid linafika hadi Arganda, kusini-mashariki ya mji, ambako zabibu ya Tempranillo ina nafasi kubwa na mvinyo ni wa aina nyingine kabisa. Upande wa Toledo jina ni Méntrida, na kijiji cha kukumbuka ni El Real de San Vicente. Utakutana pia na chupa zilizoandikwa Castilla y León tu. Hizo usizidharau, ila soma anwani ya mtengenezaji.

Kisha tafuta aina ya zabibu. Garnacha au Garnacha Tinta ni nyekundu. Garnacha Blanca ni nyeupe, na kwenye rafu yenye mwanga hafifu ni rahisi kuichukua kwa kutazama neno la kwanza tu.

Maneno "viñas viejas" yanamaanisha mizabibu mikongwe. Ni dalili nzuri, lakini yenyewe hayakuhakikishii umri. Mtengenezaji makini huandika mwaka shamba lilipopandwa. "Crianza" na "Reserva" ni maneno ya kisheria: kwa mvinyo mwekundu, Crianza lazima uwe umekaa angalau miaka miwili, miezi 6 ikiwa ndani ya pipa, Reserva miaka mitatu, mmoja ndani ya pipa. Mimi, nikitafuta Garnacha ya Gredos ya kweli, maneno hayo hayanivutii. Pipa dogo jipya la mwaloni huacha harufu ya vanila na moshi, na Garnacha haina unene wa kuibeba. Kwenye maelezo ya nyuma napenda kukuta "hormigón", yaani matangi ya zege, au "tinaja", mitungi mikubwa ya udongo, au "fudre", mapipa makubwa ya zamani yasiyoacha tena ladha ya mbao. Ukiona "raspón", ujue vikonyo vya zabibu vilichachushwa pamoja na tunda, na mvinyo utakuwa na ukavu fulani wa majani na viungo.

Mwisho, kilevi. Usitegemee namba ndogo. Garnacha nyingi za Gredos ziko kati ya asilimia 13.5 na 15, na sheria ya Ulaya inaruhusu namba ya kwenye lebo itofautiane na ya kweli kwa nusu asilimia. Chupa iliyoandikwa 14.5 inaweza kuwa 15. Kumbuka namba hii; tutairudia.

Kama ni mara yako ya kwanza, nunua mvinyo wa kijiji, ule uliochanganywa kutoka mashamba kadhaa ya mahali pamoja. Chupa za shamba moja dogo bei yake hupanda sana na nyingi huhitaji miaka ndani ya chupa kabla hazijasema lolote. Mvinyo wa kijiji wenye umri wa miaka miwili hadi mitano tangu mavuno ndio mwalimu mzuri.

Hatua ya 3: Kagua chupa kabla ya kulipa

Hatua hii ni fupi, na katika nchi zetu za joto ndiyo itakayokuokolea pesa. Mvinyo uliosafiri ndani ya kontena na kukaa bandarini unaweza kuwa umeshapikwa kabla hujaugusa.

Pitisha kidole juu ya mdomo wa chupa. Kizibo kikiwa kimesukuma karatasi ya juu na kuunda kivimbe, chupa ilipata joto kali, mvinyo ukatanuka. Angalia chini ya karatasi hiyo kama kuna michirizi inayonata. Inua chupa kwenye mwanga: mvinyo unapaswa kufika shingoni, ukiwa umeshuka hadi mabegani wakati chupa ni ya miaka mitatu tu, iache. Usichukue iliyopangwa dirishani penye jua, hata wakikupunguzia bei. Duka lenye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku lina thamani kuliko duka lenye chupa nyingi.

Hatua ya 4: Itunze nyumbani

Ilaze ubavuni, gizani, mahali ambapo joto halipandi na kushuka. Jikoni hapafai, wala juu ya jokofu, ambako injini yake inatoa joto saa zote. Kama nyumba yako haina mahali pa baridi, weka chupa ndani ya jokofu lenyewe, sehemu ya chini kwenye mboga, hadi siku ya kuinywa. Watu husema jokofu linaukausha mvinyo. Kwa wiki kadhaa halitaudhuru, lakini wiki kadhaa kwenye kabati lenye nyuzi 32 zitaudhuru, tena Garnacha huumia mapema kuliko zabibu zenye tanini nyingi kwa sababu ni nyepesi kuathiriwa na hewa.

Hatua ya 5: Ipoze

Ukiruka hatua nyingine zote, hii usiiruke.

Ushauri kwamba mvinyo mwekundu unywewe katika "joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za Ulaya za zamani, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Chumba cha Tanga mwezi wa pili ni kitu kingine. Kwenye nyuzi 28 au 30 kilevi huvukia kwa nguvu na kufika puani kabla ya harufu ya tunda. Mvinyo wenye tanini nyingi una kitu cha kuuficha moto huo kidogo. Garnacha haina, kwa hiyo inaonekana kama pombe yenye sukari. Upande wa pili, baridi hukaza tanini na kuzifanya chungu, ndiyo maana mvinyo mzito haupendi jokofu. Garnacha, kwa kuwa tanini zake ni chache, inaivumilia baridi bila shida. Udhaifu wake na uwezo wake vinatoka mahali pamoja.

Lenga nyuzi 13 au 14 wakati wa kumimina. Kwenye glasi itapanda yenyewe hadi 16, na hapo ndipo panapofaa.

Namna ya kufika hapo: chupa iliyokuwa kwenye nyuzi 30, ukiiweka ndani ya jokofu, huhitaji kama saa mbili hadi tatu. Kama ilikuwa tayari jokofuni, itoe dakika 20 au 30 kabla ya kuifungua. Kama wageni wamefika na hukujiandaa, chukua ndoo, weka barafu na maji nusu kwa nusu, zamisha chupa hadi shingoni, izungushe mara kwa mara. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Maji ni lazima. Barafu peke yake inaacha nafasi za hewa kati ya vipande na inapoza polepole mno. Usiiweke kwenye friza ukaenda kuongea sebuleni, maana ukisahau, kizibo kitasukumwa nje au chupa itapasuka. Na barafu isiingie ndani ya glasi: mvinyo ambao wepesi wake umetafutwa kwa kazi yote ile hauhitaji maji ya ziada.

Huna kipimajoto? Shika chupa tumboni kwa kiganja. Inapaswa kuwa na ubaridi wa maji ya mtungini, yale yanayokaa kwenye kona ya kivuli: yanakuburudisha, lakini meno hayastuki. Ikiwa mkono unataka kujiondoa, imepoa kupita kiasi, subiri kidogo.

Kama umeme umekatika na barafu hakuna, lowesha kitambaa cha pamba, kifunge kwenye chupa, iweke dirishani penye upepo lakini pasipo na jua, na ukilowanishe tena kila kinapokauka. Pwani, ambako hewa imejaa unyevu, njia hii inasaidia kidogo tu. Dodoma au Nanyuki, wakati wa kiangazi, inafanya kazi nzuri.

Hatua ya 6: Fungua na mimina

Kata karatasi chini ya ukingo wa mdomo wa chupa, futa mdomo kwa kitambaa, ingiza kizibuo katikati na uvute bila haraka. Nusa kizibo kama unataka, ingawa harufu ya kizibo haikuambii mengi. Utakachoambiwa kiko ndani ya glasi.

Glasi iwe pana tumboni na nyembamba mdomoni, yenye mguu, ili mkono usiipashe joto. Mimina hadi theluthi yake tu. Katika nchi ya joto ni heri kumimina kidogo mara nyingi na kuirudisha chupa kwenye maji baridi, kuliko kujaza glasi itakayofika nyuzi 25 kabla hujafika nusu.

Kuihamishia kwenye jagi la kupumulia? Kwa mvinyo wa kijiji, hapana. Garnacha huathiriwa na hewa kwa haraka, na jagi linaweza kuimaliza. Glasi inatosha.

Hatua ya 7: Tazama, kisha nusa, tena nusa baadaye

Weka karatasi nyeupe mezani na uinamishe glasi juu yake. Rangi ikiwa nyekundu angavu, na ukingoni kuna waridi, mvinyo ni kijana. Ukingo wenye rangi ya tofali ni umri. Kwenye chupa ya miaka minane si neno, kwenye chupa ya miaka miwili ni dalili ya hewa au joto. Ukungu kidogo haukuharibii kitu, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji wa Gredos hawachuji.

Sasa pua. Dakika za kwanza, Garnacha ya Gredos iliyopoa inaweza kuwa kimya. Unapata tunda jekundu tu: stroberi, komamanga, pengine cheri chachu. Usiitikise kwa nguvu. Rudi baada ya dakika 10. Hapo huanza kutokea majani: rozmari, majani makavu yaliyokanyagwa, wakati mwingine ganda la chungwa. Halafu pilipili manga nyeupe, hasa kama vikonyo vilitumika. Na chini ya yote, karibu nusu saa tangu kuifungua, inakuja ile harufu ambayo watu wanaifuata hadi milimani: ardhi kavu iliyoguswa na matone ya kwanza ya mvua. Ukiipata mara moja hutahitaji tena kuelezwa.

Wauzaji wengi watakuambia kwamba harufu hiyo ni graniti yenyewe, imepanda kupitia mizizi. Graniti iko kweli, tena kila mahali: fahali wanne wa Guisando, sanamu za kale zilizochongwa kabla Warumi hawajatawala huko, zimesimama karibu na mashamba ya El Tiemblo. Ni jiwe hilohilo lililosagika na kuwa mchanga chini ya mizabibu. Lakini mizizi hainyonyi ladha ya jiwe. Inanyonya maji na chumvichumvi kwa kiasi kidogo mno kisichofika puani. Kinachofanywa na mchanga wa graniti ni kupitisha maji haraka na kuunyima mmea shibe. Mti hauzai mashada mengi, na kila punje inabeba zaidi. Sehemu za Cebreros zina mawe ya sleti badala ya graniti, na mvinyo wake kwa kawaida ni mpana na mweusi zaidi. Telmo Rodríguez amezitenganisha hizo mbili kwa makusudi: Pegaso mmoja unaitwa Granito, mwingine Barrancos de Pizarra. Ukizipata zote mbili za mwaka mmoja, zifungue siku moja, uone ardhi inavyoweza kubadilisha mvinyo wa mtu yuleyule na zabibu ileile.

Jambo la kulitazama kwa makini: udongo mzuri usichanganywe na kasoro. Harufu ya boksi lililolowa au nguo zilizovundia kabatini ni ugonjwa wa kizibo. Hautoki kwa kusubiri, na chupa irudishwe dukani. Harufu ya zizi au plasta ya kidonda inatoka kwa hamira ya porini iitwayo Brettanomyces. Kidogo tu wengine wanaipenda, ikizidi inafunika kila kitu. Ukali wa siki, au wa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ni uchachu uliovuka mpaka. Kuna wanaosifu hayo yote kwa jina la mvinyo wa asili. Sikubaliani nao. Mkulima aliyelima mteremko kwa nyumbu anastahili mvinyo ambao shamba lake linasikika ndani yake, na mvinyo ulioharibika ladha yake ni ileile popote duniani.

Mdomoni, tegemea uwe mwembamba kuliko ulivyodhani, wenye uchachu unaoleta mate, na tanini laini zinazogusa ufizi na kupita. Joto la kilevi litakuja mwishoni, kooni. Likija mapema, mvinyo umepata joto. Rudisha chupa kwenye ndoo.

Hatua ya 8: Pima unachokunywa

Wepesi wa mdomoni unadanganya. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 14.5 ina karibu mililita 109 za kilevi halisi. Glasi ya mililita 150 ina karibu 22, ambayo ni sawa na chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.5 hivi. Chupa moja ya Garnacha hii, basi, ni karibu bia tano, na inashuka kooni kwa urahisi kuliko bia. Gawa kwa watu wanne, weka maji ya kunywa mezani, na funguo za gari apewe asiyekunywa.

Hatua ya 9: Iwekee chakula

Huko kwao hunywewa na mbuzi mchanga wa kuokwa, na maharage makubwa meupe ya El Barco de Ávila, na viazi vilivyopondwa kwa paprika, na jibini ya maziwa ya mbuzi kutoka Arenas de San Pedro. Kwa hiyo mbuzi choma wetu hahitaji kuombewa ruhusa. Mchome polepole, chumvi ya kutosha, ndimu kidogo; mafuta ya nyama yanalainishwa na uchachu wa mvinyo, na moshi wa mkaa unakutana na yale majani makavu. Pilau ya bizari nyembamba na mdalasini inakwenda nayo vizuri kuliko wali wa nazi, ambao utamu wake unaufanya mvinyo uonekane mkavu mno. Maharage yaliyoungwa kwa kitunguu na nyanya, bila nazi, ni chakula cha kawaida kabisa na hapa ndipo mimi ninapoipenda zaidi.

Pilipili kali iepuke. Kilevi cha asilimia 14 juu ya pilipili mbuzi kinauchoma ulimi, na ladha zote ulizozisubiri zinapotea. Kachumbari iwe ya ndimu, isiwe ya siki.

Hatua ya 10: Kilichobaki

Garnacha iliyofunguliwa haikai. Usiiache mezani na kizibo juu. Tafuta chupa ndogo safi, ya maji ya soda kwa mfano, ioshe kwa maji ya moto bila sabuni, iache ipoe na kukauka, mimina mvinyo hadi ukingoni kabisa ili hewa isibaki, funga, weka jokofuni. Fanya hivyo mapema, mara unapojua kwamba chupa haitaisha, bila kusubiri watu waondoke. Itafika kesho ikiwa nzima, pengine na kesho kutwa. Baada ya hapo tunda linakuwa limeshuka na harufu ya tufaha lililokatwa na kuachwa inaanza. Hapo mimina kwenye sufuria ya nyama ya mbuzi, pamoja na kitunguu na jani la bay, na uache ichemke hadi kilevi kipungue.